Zawadi Ndogo Darasani: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Watoto Wadogo

Mara ya kwanza kuingia darasani na bahasha ya stika, nilidhani nimepata dawa. Jumatatu nikatangaza kwamba kila mwenye tabia nzuri atabandikiwa nyota kwenye jalada la daftari. Kufika Ijumaa, wasichana watatu wa dawati la mbele, ambao hata bila nyota wasingenisumbua, walikuwa na majalada yanayometameta. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kweli ndiye niliyemnunulia zile stika, hakuwa na hata moja. Wakati wa mapumziko alibandua nyota za mwenzake moja baada ya nyingine, akajipachika kwenye paji la uso, akazunguka nazo uwanja mzima.

Nilikasirika sana. Jioni, hasira ilipopoa, nikaona kwamba yule mtoto alinifundisha kuliko semina yoyote. Stika alizitaka, tena alizitaka kuliko wote. Mimi ndiye niliyekuwa sijamfungulia njia hata moja ya kuzipata. "Tabia nzuri" ni nini kwa mtoto wa miaka saba? Nani anaipima, saa ngapi, kwa kipimo gani?

Mengi ya haya yafuatayo yametokana na kurekebisha makosa ya wiki ile. Na kuna moja ambalo sikulijua kabisa wakati huo: zawadi hupangiwa siku ya kuondoka kabla haijapangiwa siku ya kuanza. Usipojua utaiachaje, usiianze.

Siku tatu za kuhesabu

Siku tatu za mwanzo usitoe chochote. Chukua kipande cha karatasi, kigawe kwa vipindi vya siku, ukiweke mfukoni. Chagua makosa mawili tu yanayokula muda wako, tuseme kuropoka majibu na kuondoka kitini, na kila linapotokea chora kijiti kwenye kipindi chake. Usijaribu kuhesabu kila kitu, utachoka kabla ya mapumziko.

Siku ya tatu jioni tandaza karatasi mezani. Mimi ningeweza kuapa kwamba darasa langu linapiga kelele kutwa. Karatasi ikanikana: vijiti karibu vyote vilirundikana kwenye zile dakika saba za kuhama kutoka hesabu kwenda kusoma, watoto wanarudisha madaftari, wanatafuta vitabu, na mimi nimewapa mgongo nikipekua kabati. Kumbe tatizo lilikuwa kabati. Nikawapa watoto wanne kazi ya kugawa vitabu kabla kipindi hakijakatika, na nusu ya kelele ikaisha bila zawadi yoyote.

Karatasi hiyo hiyo itakuonyesha watoto ambao dawa yao si zawadi. Anayezubaa kila kipindi cha kunakili huenda haoni ubao. Anayechokoza wenzake kila siku muda ule ule kabla ya kula huenda ana njaa. Anayechana karatasi wakati wa hesabu huenda zoezi limemzidi kimo, na mtoto hawezi kusoma neno asilolijua kwa sababu ameahidiwa stika. Hao watafutie kiti cha mbele, zoezi jepesi zaidi, au mzazi wa kuzungumza naye. Kisha ndipo uhesabu tena.

Hifadhi karatasi. Baada ya wiki mbili itakuambia kama zawadi zinafanya kazi au zinakupa tu raha ya kugawa.

Tabia moja, kwa maneno yanayoonekana

Chagua tabia moja. Mbili ukiwa na uzoefu. Tatu hapana.

Mwanasaikolojia wa Marekani Ogden Lindsley aliacha kipimo ambacho walimu hukicheka wakikisikia, kisha hawakisahau: kama maiti anaweza kulifanya, hilo si tendo. "Kutopiga kelele" maiti anaweza. "Kukaa kimya bila kumsumbua mwenzako" anakushinda wewe na darasa lako lote. Basi geuza kila katazo liwe tendo la mtoto aliye hai:

"Acheni kelele" iwe "sema kwa sauti ambayo jirani yako tu anaisikia".
"Kuwa na adabu" iwe "nyosha mkono, subiri uitwe".
"Harakisheni" iwe "daftari liwe wazi na tarehe imeandikwa kabla sijahesabu mpaka 20".

Ukishaipata sentensi yako, ifundishe kama unavyofundisha kujumlisha. Onyesha mwenyewe. Kisha onyesha makosa: kaa kwenye kiti cha mtoto, ruka, punga mkono, piga kelele "mimi, mwalimu, mimi!" Watacheka mpaka machozi, na hapo hapo utawauliza mwalimu amekosea wapi. Waache wafanye mazoezi mara tatu nne wakati hakuna somo linalosubiri. Walimu wengi huruka hatua hii, mimi nikiwa mmoja wao kwa miaka miwili, tukidhani kubandika kanuni ukutani ni kufundisha. Mwaka 1968 watafiti Madsen, Becker na Thomas waliwafuatilia walimu wa shule ya msingi nchini Marekani. Wakaona kwamba kanuni peke yake hazikubadili mambo kwa kiasi cha kutajika. Mabadiliko yalikuja pale mwalimu alipoanza kuwasifu wanaozifuata na kuyapuuza makosa madogo madogo.

Zawadi zipi?

Watu huanza na swali hili, na mimi nimelishusha mpaka hapa makusudi. Kitu chenyewe kina uzito mdogo kuliko tunavyodhani.

Zilizo bora hazinunuliwi. Mwaka 1959 mwanasaikolojia David Premack alieleza kanuni ambayo kila mama anaijua bila kuisomea: jambo ambalo mtu hulipenda sana linaweza kutumika kumvuta kwenye lile asilolipenda sana. Kwa hiyo tazama watoto wanafanya nini wakiachwa huru. Anayekimbilia ubao kuchora, zawadi yake ni chaki na dakika tano za ubao. Anayependa kuagizwa, mpe kubeba rejesta mpaka ofisini. Wengine watafurahi kukaa kwenye kiti cha mwalimu kipindi kimoja, kuchagua hadithi ya leo, kuwa wa kwanza kwenye mstari, kuketi karibu na rafiki, kupiga kengele, kuvaa beji ya msaidizi wa siku. Nimewahi kuwa na darasa lililokuwa tayari kufanya lolote ili liruhusiwe kuvua viatu wakati wa hadithi.

Vitu vidogo navyo vina nafasi yake, hasa kwa wadogo kabisa: stika, muhuri wa wino mkononi, penseli, raba. Wengine wanapenda kipande cha karatasi chenye maneno mawili ya mwalimu kuliko vyote hivyo. Peremende nilishaziacha. Zinaisha mdomoni, zinaleta sisimizi, kuna watoto waliokatazwa kuzila, na ukizoeza darasa kulipwa kwa kutafuna utajuta siku begi likiwa tupu.

Usikisie peke yako. Wape karatasi yenye vitu vinane, kila mmoja azungushie vitatu anavyovipenda. Wasiojua kusoma wachorewe picha. Majibu yatakushangaza, na mwezi ujao yatakuwa yamebadilika, kwa hiyo uliza tena.

Kuna vitu ambavyo kamwe haviwi zawadi: chakula chao cha kawaida, maji, ruhusa ya kwenda chooni, mapumziko yao ya kila siku, na wema wako. Mtoto aliyeshindwa leo anastahili salamu ile ile kesho asubuhi.

Namna ya kutoa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nitakaa.

Zaidi ya karne iliyopita mwanasaikolojia Edward Thorndike aliwafungia paka kwenye visanduku vyenye komeo, nje akawawekea chakula. Akaona tendo lililofuatwa na matokeo mazuri likirudiwa haraka zaidi kila mara. Neno la kuangalia ni "lililofuatwa". Zawadi inayokuja dakika arobaini baadaye mtoto wa miaka sita huiunganisha na kile anachokifanya wakati huo, na huenda wakati huo anamfinya jirani. Toa ndani ya sekunde chache. Kama huwezi kutoa kitu, toa alama ya kitu: gololi ndani ya kopo, tiki kwenye kadi, tiketi ya karatasi atakayoibadilisha kwa zawadi baadaye, kugusa bega ukitaja jambo.

Taja jambo lenyewe. "Vizuri sana" haimwambii chochote. Sema, "Umenyosha mkono ukasubiri mpaka mwenzako amemaliza. Chukua tiketi." Sentensi hiyo ina tendo na ina malipo, na watoto watano walio karibu wameisikia. Ndio maana unapotaka kumrekebisha mmoja, mara nyingi inatosha kumsifu jirani yake anayefanya sawasawa, kisha kumgeukia yule wa kwanza mara tu anapofuata. Ila usifanye tusi: "Muone mwenzako, si kama wewe." Hapo utakuwa umempiga kofi ukitumia sifa ya mwingine.

Shusha kizingiti. Mvulana wangu wa stika, nilipomhesabu, alikuwa anasimama kila baada ya dakika nne hivi. Kumwambia akae kipindi kizima ndipo apate nyota ilikuwa kama kumwambia aruke ukuta. Nikaanza na dakika tatu. Dakika tatu anaziweza! Nikapita karibu yake nikiwa na kitabu mkononi kana kwamba sina habari naye, nikaweka tiketi kwenye kona ya dawati: "Dakika tatu umekaa na umeandika mistari miwili." Aliitazama kama mtu aliyeokota pesa njiani. Siku hiyo alipata tiketi saba. Baada ya siku nne tukaenda dakika tano, kisha nane. Kanuni rahisi ni hii: pima wastani wake wa sasa, anzia chini kidogo ya hapo, panda pale tu anapofaulu mara nne katika tano.

Mwanzoni lipa kila mara. Tabia ikishakuwa na mizizi, ruka ruka. Mwanasaikolojia B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster walichapisha mwaka 1957 kazi ndefu kuhusu ratiba za malipo, na moja ya mambo yaliyosimama tangu hapo ni kwamba tendo linalolipwa kwa vipindi visivyotabirika hudumu kuliko linalolipwa kila mara, hata malipo yakikatika. Kwa mwalimu maana yake ni kwamba zawadi ya kila mara ni ya kuanzishia tu.

Na sasa rushwa. Wenzetu wengi husema zawadi ni kuwahonga watoto. Inaweza kuwa hivyo, na tofauti iko kwenye mpangilio wa saa. Mtoto anagaragara sakafuni, wewe unasema, "Ukinyamaza nitakupa penseli." Hiyo ni rushwa, tena umelipia kule kugaragara, kesho atagaragara tena. Zawadi ilishatajwa asubuhi, ina masharti yanayojulikana, na inakuja baada ya tendo. Fujo ikishaanza, sanduku la zawadi limefungwa. Shughulikia fujo kwa njia nyingine, subiri sekunde thelathini za utulivu wa kweli, kisha tafuta tendo jema la kwanza ulilipe.

Tiketi, gololi na daftari la bei

Ukishaona unahitaji kulipa mara nyingi kwa siku, tumia alama zinazokusanywa. Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 19 jijini London, Joseph Lancaster aliendesha shule ya mamia ya watoto maskini akiwatumia wanafunzi wakubwa kuwafundisha wadogo, na waliofanya vizuri walipewa beji na tiketi walizoweza kubadilisha kwa zawadi. Katika miaka ya 1960 Teodoro Ayllon na Nathan Azrin waliujenga utaratibu wa namna hiyo kwa vipimo vya kisayansi kwenye wodi ya hospitali ya magonjwa ya akili jimboni Illinois, na kutoka huko ukaenea mpaka madarasani.

Kata vipande vya karatasi ngumu, vya rangi moja, piga muhuri au saini yako nyuma. Saini usiisahau. Wiki ya pili nilimkuta binti mmoja na tiketi thelathini na moja, amezikata nyumbani kwa ustadi kunishinda. Nilimpa adhabu ndogo na kazi ya kudumu ya kukata tiketi za darasa.

Bandika bei ukutani: tiketi 5 kuchagua wimbo, 10 kuketi na rafiki, 15 kiti cha mwalimu, 30 kitu kutoka kwenye kisanduku. Lazima kuwe na kitu cha bei ya chini ambacho mtoto dhaifu kuliko wote anaweza kukipata ndani ya siku mbili. Kwa darasa la kwanza na la pili duka lifunguliwe kila siku, dakika tatu za mwisho. Darasa la tatu na la nne wanaweza kungoja mara mbili kwa wiki. Wakubwa zaidi, Ijumaa inatosha.

Kilichopatikana hakinyang'anywi. Najua kuna walimu wanaokata tiketi kwa makosa na wanaona matokeo. Kwa watoto wadogo mimi sikubali. Mtoto aliyebaki na sifuri kabla ya mapumziko hana cha kupoteza mpaka jioni, na wewe ndiye utakayekaa naye.

Darasa kubwa: zawadi ya pamoja

Ukiwa na watoto hamsini huwezi kumfuata kila mmoja na tiketi. Hapo kopo linakuja. Tafuta kopo la plastiki linaloonekana ndani, gololi, kokoto au vifuniko vya chupa. Darasa zima likifanya tendo lililotajwa, unadondosha moja. Chagua kitu kinacholia kikianguka. Ule mlio wa "ting!" ni nusu ya zawadi, nimeona vichwa arobaini vikigeuka kwa pamoja bila mimi kufungua mdomo. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Wakifikia mstari, zawadi ya darasa: somo chini ya mti, mchezo wa dakika kumi, hadithi ya ziada. Kopo la kwanza lijae ndani ya siku tatu au nne. Likichukua mwezi, limekufa.

Njia ya timu imechunguzwa sana. Mwaka 1969 Barrish, Saunders na Wolf walichapisha mchezo walioujaribu kwenye darasa la nne nchini Marekani. Mwalimu aligawa darasa timu mbili. Kila mtoto aliyeropoka au kuondoka kitini bila ruhusa, timu yake iliwekewa alama ubaoni. Timu yenye alama chache ilishinda, na zote mbili zilishinda kama hazikupita kikomo. Zawadi zilikuwa za kawaida kabisa: kuvaa beji ya ushindi, kutangulia kwenye mstari, muda wa huru mwisho wa siku. Fujo ilishuka sana. Watafiti wakauondoa mchezo makusudi, fujo ikarudi, wakaurudisha, ikashuka tena. Baadaye, kuanzia mwaka wa masomo 1985/86, Sheppard Kellam na wenzake waliutumia kwenye madarasa ya kwanza jijini Baltimore na kuwafuatilia watoto wale mpaka utu uzima. Wavulana waliokuwa wakorofi zaidi, waliocheza mchezo huo, hawakuangukia dawa za kulevya kwa kiwango kile cha wenzao ambao hawakuucheza.

Ukitaka kuucheza, anza na dakika kumi tu kwa siku, kipindi kimoja. Changanya timu, wakorofi wasirundikane upande mmoja wala watulivu upande mwingine. Weka kikomo, tuseme alama nne, na tangaza kwamba kila timu iliyo chini ya kikomo imeshinda. Hutaki mshindi mmoja, unataka wote washinde. Unapoweka alama, sema kosa kwa sauti ya kawaida bila kutaja jina: "Timu ya bluu, mtu ameondoka kitini." Wiki zikienda, ongeza dakika.

Hatari yake ni moja na ni kubwa: mtoto anayeiangusha timu atasakamwa uwanjani. Nenda mwenyewe ukasikilize mapumziko ya siku za mwanzo. Kama kuna anayevuruga makusudi, mtoe awe timu ya mtu mmoja, ashinde au ashindwe peke yake, na timu ya zamani isiguswe.

Nikiwa na darasa lililochangamka kupita kiasi, hupenda mchezo wa mtoto wa siri. Asubuhi chomoa jina kwenye kofia, usimwonyeshe mtu. Mwisho wa kipindi, kama mtoto huyo alifanya tendo la leo, taja jina lake na darasa zima lipate zawadi kwa heshima yake. Kama hakufanya, sema tu "leo bado," na jina lirudi kwenye kofia bila kutajwa. Kila mmoja anadhani ni yeye.

Mtoto mmoja asiyeingia kwenye mstari

Katika kila darasa atabaki mmoja au wawili. Huyo mtengenezee kadi yake: safu moja kwa kila kipindi, tabia moja juu, nafasi ya tiki. Mwisho wa kipindi njoo naye pembeni, tazameni kadi pamoja, sekunde ishirini. Mwache yeye aweke tiki kama anaona anastahili. Mara nyingi atajihukumu kwa ukali kuliko wewe. Lengo la wiki ya kwanza liwe dogo kiasi kwamba ni vigumu kulikosa, na zawadi iwe aliyoichagua mwenyewe.

Kadi hiyo inaweza kwenda nyumbani, lakini kwa uangalifu. Nimejifunza kupeleka habari njema tu. Kadi yenye nafasi tupu imewahi kumgharimu mtoto wangu mmoja kipigo, na sikuliona hilo lilipokuwa linakuja. Siku mbaya kadi inabaki kwenye droo yangu.

Usilipie kile wanachokipenda

Kuna jaribio moja ambalo kila anayegawa zawadi anapaswa kulijua. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe kama watachora. Kundi la pili lilipewa cheti kile kile bila kujua kabla. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena kwenye chumba cha michezo, watoto wakaachwa huru. Waliokuwa wameahidiwa sasa walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa hamu.

Kwa hiyo mtoto anayemaliza vitabu vya hadithi kwa hamu yake, mwache na vitabu vyake. Usimtajie tiketi. Ukitaka kumfurahisha, mshtukize: "Nimekuona ukisoma, chukua kitabu hiki wikiendi." Zawadi za kuahidiwa zibaki kwa yale wasiyoyapenda bado, au wasiyoyaweza bado, kama kupanga madaftari, kusubiri zamu, kuanza kazi kwa wakati. Nami siwalipi watoto kwa alama za mtihani. Nalipa hatua zilizo mikononi mwao: kurudia zoezi lililokosewa, kuuliza pale wasipoelewa.

Kuziondoa

Siku ya kuanza, andika kwenye daftari lako siku ya kumaliza. Mpango wangu wa kawaida ni wiki nane. Wiki mbili za kwanza nalipa karibu kila mara. Ya tatu na ya nne, tendo moja kati ya matatu, bila kutangaza ni lipi, lakini maneno ya sifa yanabaki pale pale. Ya tano na ya sita, mstari kwenye kopo unapanda na duka linafunguliwa mara moja kwa wiki. Ya saba, watoto wanajipima wenyewe: mwisho wa kipindi wanaonyesha vidole, kimoja mpaka vitano, na nikikubaliana nao gololi inaanguka. Ya nane nawaambia ukweli, kwamba jambo hili sasa wanalijua na kopo linahamia kwenye tabia nyingine, au linapumzika.

Kamwe usiache ghafla kwa hasira. "Kwa kuwa mmenikera, hakuna zawadi tena" inafuta kazi ya miezi.

Toa ile karatasi ya vijiti uhesabu siku mbili baada ya kumaliza. Vijiti vikiwa vimepanda kidogo, hiyo ni kawaida, ongeza sifa. Vikirudi palepale pa zamani, rudisha kopo wiki moja, kisha ondoa polepole zaidi.

Maswali utakayoulizwa

"Mbona yeye anapewa kwa kukaa dakika tatu, na mimi nakaa siku zote?" Swali la haki. Nawajibu kwamba kila mtu ana jambo lake gumu analolifanyia mazoezi, kisha namuuliza anayelalamika lake ni lipi. Wengi wanalo, nami nawapa kadi ya hilo.

"Nikifanya utanipa nini?" Ukisikia hivi kila saa, umelipa kwa muda mrefu mno au umetaja zawadi kabla ya kazi mara nyingi mno. Jibu ni fupi: "Hii haina tiketi, hii ni kazi yetu." Na kwa siku kadhaa acha kuahidi, shtukiza tu.

Mwalimu mwenzako atasema unawadekeza. Usibishane naye kwenye ofisi ya walimu. Mwonyeshe karatasi mbili, ya kabla na ya baada.

Na kama wiki mbili zimepita, umelipa kwa wakati, umetaja tendo, kizingiti kiko chini, na vijiti havijasogea? Badilisha zawadi kwanza, pengine hawaipendi kama ulivyodhani. Kisha jiulize fujo yenyewe inamlipa nini mtoto. Anayefanya vituko ili atolewe nje kwenye somo asiloliweza tayari analipwa, tena mara moja na kila mara, na mlipaji ni wewe unayemtoa. Yule mvulana wa stika alikuwa hivyo wakati wa kusoma. Tiketi zilimkalisha kitini, lakini vurugu za kipindi cha kusoma zilikatika pale tu nilipomletea kitabu cha darasa la chini na kumkalisha kando yangu dakika kumi kila asubuhi.